Mikaratusi Tuliyopanda Kinamasini

Ganako, Jumamosi jioni, Oktoba 1982. Upepo na vumbi. Mawingu yanapita tu.

Dada Marta, Bwana asifiwe. Hujambo huko Mbulu? Lile goti limepoa? Sisi tunapumua, ila moyo wangu umekaa vibaya na daftari hili halinijibu. Ukurasa huu nitauchana nikutumie.

Unakumbuka ulivyozama mpaka magotini ukikata matete kwenye kinamasi chetu? Leo nimekivuka na ndala. Nimetoka na vumbi.

Chemchemi imebaki ya kukinga kwa kikombe. Jana kina mama wawili wamevutana ndoo mpaka khanga ikachanika, na khanga zenyewe unajua hazipatikani.

Wengine wanasema ni mvua. Mimi najua ni sisi.

Si tulipanda ile mikaratusi kusudi pakauke? Mmoja kwa kila mtoto wa kipaimara, ili wazee wakose pa kupeleka asali na kondoo wa matambiko. Na aliyeomba siku ile ni mimi. Niliomba kwa sauti kubwa, dada, na nilijisikia vizuri.

Leo kwenye foleni mama mkwe kanipata mbele ya watu: “Enhe, mama wa maombi! Shetani mmemfukuza, naona kaondoka na maji yake. Mfuateni basi, mkamwombe debe moja.”

Watu wamecheka. Nami nimecheka, kisha nikaacha foleni.

Nimekwenda kwa mwinjilisti kumwomba miti ikatwe. “Mama Yohana, miti hiyo ni mbao za paa la kanisa. Vumilia miaka miwili tu.”

Miwili! Chemchemi haina hata miezi miwili.

Basi mchana nimechukua shoka, nimeukata mti wa Yohana wangu. Peke yangu. Nimeshika kisiki: kimelowa chepechepe, maji yetu yamo humo.

Shoka limesikika mpaka barabarani. Kesho baada ya ibada nitasimama mwenyewe kabla sijaitwa. Uongozi wa akina mama wauchukue. Wakinizuia meza ya Bwana je? Hilo ndilo ninaloliogopa.

Kisiki kimoja watasema ni wazimu wangu. Viwili vilivyolowa ni ushahidi.

Mti wa Paulo wako ni wa tatu kutoka njiani, umenyooka vizuri. Sijaugusa.

Niukate?

Nijibu upesi, dada. Barua mpe yeyote anayekuja mnadani Karatu.