Ubeti wa Pili wa Shukrani ya Mwenyekiti

Jumatatu, 9 Juni
Mazoezi ya kwaya. Sauti ya tatu wanapotea palepale. Nimewarudisha mara sita, koo limekauka. Mchungaji akaingia: Jumapili ni ibada ya shukrani. Mwenyekiti wa kijiji anamshukuru Mungu kwa kumwokoa na maadui zake. Anatoa dume la ng'ombe. Tuandae wimbo.

Maadui ni sisi tuliotaka ang'oke, baada ya yeye kumwacha shemeji yake azungushie seng'enge lambo la kijiji tunaponyweshea ng'ombe. Kura hazikutosha. Ndio wokovu wenyewe. Wa kwanza kunyoosha mkono mkutanoni alikuwa Masunga, mume wangu.

Jumatano, 11 Juni
Mchungaji kaleta maneno ya wimbo. Maadui wanaanguka, wanaaibika, wanatawanyika. Nikamwambia adui mmoja nampikia ugali kila siku. Akacheka.
"Mayu, mama yangu, wimbo hautaji majina."
Nimekichukia kile kicheko.

Ijumaa, 13 Juni
Ng'ombe wanakwenda mtoni kuanzia alfajiri. Leo ndama mmoja kafia njiani. Nikasema naacha kwaya. Masunga akasema nikiacha, watu watadhani kanituma yeye. Kumbe hata kukasirika siruhusiwi!

Jumamosi, 14 Juni
Nimetupa maneno ya mchungaji. Nimetunga beti mbili zangu. Wanakwaya wawili wameogopa, wameondoka. Waende.

Jumapili, 15 Juni
Kanisa lilijaa. Mwenyekiti mbele, suti mpya. Masunga benchi la mwisho. Mahubiri ya Daudi na Sauli, marefu mno. Tukaimba. Ubeti wa kwanza: asante Bwana kwa uhai wa kiongozi wetu. Sikudanganya, sijawahi kumwombea kifo. Wa pili: umempa uhai, mpe na masikio, mifugo yetu ina kiu.

Ndipo mama mzazi wa mwenyekiti akasimama na mkongojo wake. Akaurudia ubeti wa pili peke yake, sauti mbovu, akimtazama mwanawe. Ubeti mzima. Neno kwa neno. Mwenyekiti akainama. Mchungaji akawahi kutangaza sadaka.

Nyama sikupewa. Sikuomba.

Jumatatu, 16 Juni
Mchungaji katuma ujumbe: nipumzike kuongoza kwaya. Hakusema mpaka lini.

Seng'enge bado ipo. Wamefungua upande mmoja, asubuhi tu, mchana wanafunga. Masunga kawahi na ng'ombe kabla ya chai.

Nimeshinda shambani nachuma pamba. Sikuimba.