Saini Iliyohamia Mbele

Ghorofa ya tatu, juu ya duka la miwani
Jumapili, 9 Machi

Mpendwa mpwa wangu,

Hujambo, na hapo nyumbani wote wazima? Mgongo wa mama yako unaendeleaje? Mimi mzima, ila magoti yananigomea kwenye ngazi.

Jarida la chuo limenifikia. Nimefurahi kusoma kwamba yule Mrefu uliyesoma naye amechora kitabu cha watoto kikapata tuzo, na kwamba mwalimu wa ufinyanzi amealikwa kufundisha ng'ambo. Chuo hicho nami nilisoma kabla ya kukimbia. Kikisifiwa, natembea kifua mbele. Nikasoma pia kwamba mkuu wa chuo anawania tuzo kubwa kwa picha aliyoichonga kwenye ubao na kuichapa, na kwamba maonyesho yamefika mji huu. Nikavaa koti, nikaenda.

Basi nimekasirika, wala sitaficha. Picha ile ni yako.

Ukutani yuko mama yako anashona kifungo, sindano mkono wa kushoto. Dada yangu hajawahi kushika hata kijiko kwa kushoto. Lakini ubao ukichapwa, kulia hutokea kushoto, ndiyo maana wachongaji huchora kinyume kwanza. Wewe tangu uanze hutaki kugeuza. Kila picha uliyonitumia, watu wako wote ni mashoto. Na chini yake, kwa penseli, saini ya mkuu.

Mlinzi akaniambia, "Mzee, rudi nyuma kidogo."

"Huyu ni dada yangu."

"Sawa, mzee. Jana mwingine alimkuta mkewe. Rudi nyuma."

Jana nilipokupigia simu ukanijibu, "Mjomba, ndivyo mambo yalivyo hapa, mkuu ndiye anayetia saini." Usinifundishe desturi za chuo changu. Enzi zetu mwalimu alitia saini nyuma ya karatasi, kuonyesha ameikagua kazi. Mbele palikuwa pa mchongaji. Huyu amehamia mbele kama mpangaji aliyejipa nyumba, na wewe, mwalimu mzima wa chuo hicho, unamshikia mlango.

Najua unachoogopa. Mkataba wako unakaribia kwisha, na yeye ndiye wa kuupitisha. Hofu ya watu wa aina hiyo naijua. Ndiyo iliyonileta huku. Sikuombi umtukane mtu. Majaji wanakutana mwisho wa mwezi. Nilimwuliza msimamizi wa maonyesho, bila kutaja picha wala mtu, kama saini humaliza maneno. Akasema mwenye kazi akijitokeza na ubao wake, watamsikiliza. Ubao ule najua unao, maana huwa hutupi hata kipande.

Jina lako sikulitaja, ingawa ulimi uliniwasha. Ningelitaja, ningekuwa nimekuamulia, kama alivyokuamulia yeye. Namba ya ofisi ya msimamizi nimeiandika nyuma ya bahasha.

Msalimie mdogo wangu kinyozi, na shangazi yako asiyependa kupigiwa simu. Mama yako msalimie peke yake. Mwambie sikujua nywele zimekuwa nyeupe kiasi hicho. Miaka yote hii sijamwona, na nilipomwona alikuwa amening'inizwa chini ya jina la mtu asiyemjua. Nilisimama pale mpaka wakazima taa.

Mungu akulinde, na akutie nguvu ya kuugonga mlango wa ofisi hiyo.

Ni mimi mjomba wako, nikupendaye hata nikiwa nimenuna.