Kwa Fundi wa Nyuzi, Kuhusu Mpira wa Katikati

Ni mwaka mmoja sasa tangu uiache raketi ya tenisi ya mteja kwenye mashine, nyuzi nusu, ukasema unakwenda kunyoosha mgongo kidogo. Hukurudi, mdogo wangu. Binti yako alizimalizia nyuzi zile siku ya tatu baada ya mazishi, maana mteja alikuwa na mechi na wewe hukuwahi kumchelewesha mtu.

Ni mimi kaka yako niliyeshika kalamu. Mkeo amekaa ubavuni mwangu anasoma kila mstari, nisije nikatia chumvi. Tayari amenifutia ile habari ya wewe kufunga raketi arobaini kwa siku huku umesinzia.

Basi tunakumbuka yale aliyoyaruhusu. Chumba chako kidogo nyuma ya viwanja, na chai iliyopoa. Penseli moja sikioni, nyingine mdomoni, na wewe unauliza nani kakuibia penseli. Ulivyougonga uzi kwa kucha, ukausikiliza, ukasema, "Bado umenuna." Mchezaji aliyeshindwa akija kukulaumu, ulimpa kiti kwanza, chai baadaye, raketi mwisho. Alitoka hapo amesahau kugomba.

Sasa jambo lililotufanya tuandike. Miaka thelathini na moja iliyopita, mimi na wewe tulicheza fainali ya wanaume wawili wawili kwenye mashindano ya wachezaji wa kulipwa, viwanja hivi hivi. Pointi ya mwisho, mpira ukapita katikati yetu, hakuna aliyeugusa. Kombe likaenda. Mwandishi wa gazeti akaniuliza, nikamjibu, "Dogo kauacha." Tangu hapo kijitabu cha mashindano kinachapishwa hivyo kila mwaka, nami nimeisimulia hadithi hiyo kila harusi niliyoalikwa, na kila nikisimulia mpira unazidi kasi.

"Shemeji, nilikuwepo," anasema mkeo sasa hivi. "Ulikuja taratibu. Hata kuku angepata muda wa kuupisha."

Sawa. Ulikuja taratibu.

Wageni walikuja dirishani kwako: "Wewe ndiye uliyeuacha?" Ulicheka, ukasema, "Lete raketi." Siku moja nilikuuliza mbona hunisemi. Ukajibu, "Kaka, tuliingia wawili, tukatoka wawili. Hebu nishikie huu uzi."

Ningekaa kimya hadi nikufuate. Lakini mwezi uliopita mchezaji mmoja alimwambia binti yako mbele za watu, "Baba yako aliacha mpira, wewe utaacha fundo gani?" Binti akamfungia raketi yake vizuri, akamkabidhi, kisha akaja kwangu bado kavaa aproni.

"Baba mkubwa, ule mpira ulikuwa wa nani?"

Nikaanza kueleza upepo, nikaeleza jua.

"Sikuuliza jua."

Basi nasema, na kila asomaye ashuhudie. Mimi nilisimama kushoto, mkono ninaochezea ni wa kulia, yaani upande wa katikati, kwa hiyo mpira wa katikati ulikuwa wangu. Tulikubaliana hivyo tangu utotoni. Niliita, "Wangu!" Ukanipisha, kama tulivyozoea. Nikaogopa. Mkono haukuinuka.

Nilikwenda ofisi ya mashindano, wakasema kijitabu kimeshachapishwa. Nikarudi kesho yake. Siku ya tatu nikaenda na mkeo, wakakubali. Karatasi ya masahihisho sasa inatiwa ndani ya kila nakala, na tunaitia wenyewe, mezani kwako. Jumamosi, kabla ya fainali ya wawili wawili, nimepewa kipaza sauti. Nitasimama palepale kushoto niseme hadharani nilichoandika hapa.

Unakumbukwa na mkeo, binti yako aliyeirithi mashine, wajukuu wako wawili, wateja wako, na mimi kaka yako. Daima tutakukumbuka, na tangu leo tutakukumbuka kama ulivyokuwa.