Hana Neno

Jumatatu, 19 Julai 1999

Bwanamkuu kaja kutoka Kipini na posa. Anamposea mpwa wake Tahir, fundi wa mashine za maji katika duka la Farah hapa Garsen. Anayeposwa ni Ruwaida wangu. Mtoto wangu wa pekee – tangu mama yake Ummi afariki tuko wawili tu humu ndani. Jawabu analitaka Ijumaa ya tarehe thelathini, baada ya swala.

Nikamuuliza kijana yukoje. Akapiga funda la chai, akasema, "Si haba."

Si haba! Mtu anamtafutia mpwa wake mke, na sifa yote aliyoibeba kutoka Kipini ni hiyo. Muuza mbuzi husema zaidi. Kuna kitu hapa.

Jumatano, 21 Julai

Kuuliza ni wajibu wa baba. Nimeanza kwa Farah, tajiri wake. "Tahir? Hana neno, mwalimu." Nikangoja. Akaanza kupanga mikanda ya mashine ambayo ilikuwa imepangwa tayari. Nimeliona hilo.

Shuleni nikamvuta kando Kadenge, mwalimu wa darasa la nne, ambaye hucheza mpira timu moja na Tahir. "Ah, Tahir ni okei." Okei ya namna gani? "Okei tu, mwalimu."

Mimi maneno haya nayajua, ndiyo kazi yangu. Nikiandika "Fair" kwenye ripoti ya mtoto, maana yake mtoto hajui kitu, ila baba yake ni jirani yangu.

Alhamisi, 22 Julai

Jilo, mkulima wa Wenje, alikuwa dukani kutafuta mpira wa maji. Mashine yake ilifukiwa na tope kwenye mafuriko ya mwaka juzi, na Tahir ndiye aliyeifufua. Nikasema huyu atanipa habari kamili.

"Hiyo kijana iko sawa tu. Mashine navuta maji. Mimi nataka nini ingine?"

Na tabia?

"Tabia pia sawa tu."

Watu wanne. Mswahili, Msomali, Mgiriama, Mpokomo. Hawali sahani moja, na wote wamenipa jibu la kupimwa kwa kijiko kimoja. Wamepatana? Labda ana mke Hola. Labda anaumwa. Ruwaida ameuliza mbona sijamaliza wali. Nimesema unatosha.

Jumatatu, 26 Julai

Darasa la saba, Kiingereza. Namna za kusema kitu kinatosha. Good enough, fair enough, all right, not bad. Ubao umejaa. Asli, yule binti wa Kiorma wa dawati la mbele, akainua mkono: mwalimu, na mtu akikipenda kitu kabisa, atumie lipi kati ya haya?

Nikautazama ubao wote. Nikamwambia aketi.

Jumanne, 27 Julai

Nimekaa hoteli inayotazamana na duka la Farah, vikombe vitatu vya chai, gazeti la wiki iliyopita mbele ya uso. Nimepeleleza. Sioni haya, binti ni wangu.

Mkulima alikuja kuchukua pampu yake. Ikawashwa, ikanguruma vizuri. Mkulima akasema basi, hapo panatosha, nipe niende. Tahir akaizima. Eti bado, kuna sauti hajaipenda. Akaifungua upya, skrubu moja moja juu ya gunia, mkulima anasonya. Farah akapaza sauti kutoka ndani kwamba kijana huyu atamfukuzia wateja.

Mtu anayefungua kitu kinachofanya kazi anatafuta nini? Mimi sikusikia sauti yoyote. Nimeandika "msumbufu". Nimekata. Sijui niandike nini badala yake.

Alhamisi, 29 Julai

Kesho ndiyo kesho. Nimemketisha Ruwaida nikamsomea orodha: si haba, hana neno, okei, sawa tu. Nikamwambia watu wanaficha jambo. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Na wewe, baba, ulipoulizwa juu ya mama, ulisema nini?"

Nikasema sikumbuki.

"Ulisema anafaa. Mama aliniambia. Alikuwa akilisimulia akicheka. Ule mwaka wa mwisho, kitandani, alilisimulia bila kucheka."

Nakumbuka vizuri sana. Wazee walikuwa wananitazama, na moyo ulinienda mbio hata nikaogopa wataona. Nikasema anafaa. Nilimpenda Ummi. Tulikaa miaka kumi na tisa, nikidhani anajua. Akinipikia, nilisema kinatosha. Akivaa nguo mpya, nilisema si mbaya. Leo nina uchungu na sina pa kuupeleka.

Nikamuuliza Ruwaida kama ameridhia. Desturi ni msichana anyamaze, na kimya chake ndilo jawabu. Hakunyamaza.

"Namtaka, baba."

Na yeye Tahir, amekwambia nini juu yako? Akasema hilo ni lake, akaenda kuosha vyombo. Shaka yangu juu ya kijana haijaisha. Ila sasa na mimi nimo kwenye orodha.

Ijumaa, 30 Julai

Naandika haraka. Wageni wako sebuleni. Nimeingia chumbani kwa kisingizio cha kutafuta miwani. Miwani ninayo usoni.

Jawabu nimelitoa: nimekubali. Fatiha imesomwa. Nikadhani yamekwisha. Kumbe Bwanamkuu naye ana wajibu wa kuuliza. Akaweka kikombe chini. "Nasi twauliza, mwalimu. Huyu binti yetu yukoje?"

Tahir kajiinamia, mikono ina mafuta ya mashine kwenye kucha. Ruwaida yuko nyuma ya pazia na birika – miguu yake naiona kwa chini. Hamimini chai. Haondoki.

Neno lililonijia mdomoni lilikuwa lile lile. Nililisikia likija. Hapo ndipo nikasema miwani.

Miaka ishirini na moja namtazama mtoto huyu. Anavyoimba akidhani sipo. Alivyomuosha mama yake.

Bwanamkuu anakohoa. Ananiita, "Mwalimu?"

Nachungulia mlangoni: miguu bado iko pale.