Salfa Kwenye Nywele

Kwako dada,

Huku tu wazima, ila uchovu ndio unaotumaliza. Lakini kazi yangu ya maabara, ile ya madini ya nikeli, imekubali. Nilimimina maji ya nikeli kwenye yale ya salfa, ukatokea unga wa kijani, nikauchuja, nikaukausha. Kwa hesabu, salfa ilitakiwa iwe asilimia 36.1, vipimo vimetoa 35.9. Hakuna aliyenipa hongera, ila namba hazinionei.

Unga wenyewe haunuki, maana salfa ikishashikwa na nikeli hutulia. Inayonuka ni ile tunayoanza nayo, na hiyo huganda kwenye nywele. Pua yangu imeizoea, siisikii tena. Leo nimeoga mara mbili kwa ndimu, kisha nikamwomba mlinzi wa getini aninuse.

"Daktari, niseme kweli?"

"Sema."

"Yai viza. Lakini afadhali, wiki iliyopita ilikuwa trei nzima."

Basi ndiyo hivyo, dada. Mara iliyopita ulinifanya nisalimiane na mama kupitia dirisha, eti harufu yangu inamtapisha, na mama mwenyewe akauliza mbona nasimama nje kama polisi. Sasa unaandika kwamba hali yake imezidi kuwa mbaya, na bado unataka nisubiri hadi niache kunuka. Mama alinifulia nguo za mikojo, akanibeba mgongoni na matapishi yangu, wala hakuniweka nje hata siku moja. Jumamosi nakuja kukaa kitandani kwake. Usipoweza kuvumilia, toka wewe.

Mimi mdogo wako