Ng'ombe Mwenye Alama ya Baba

Juigalpa, 12 Januari 2004

Baba, naomba baraka zako.

Habari za huko El Coyolar? Hapa tupo, ila mama hali si nzuri. Figo zimemkaba, miguu imevimba, hawezi tena kusimama kuoka mikate ya tortilla.

Juzi nilitimiza miaka kumi na minane. Unakumbuka mlivyokubaliana nikiwa mchanga: mama asikupeleke mahakamani kudai matunzo yangu, na wewe unifugie ng'ombe Paloma na kila mtamba atakayemzaa, unikabidhi wote nikifika umri huu. Mama alishika neno lake. Hata mwaka ule tulioshinda kwa ndizi na chumvi, hakwenda. Sasa nataka kuuza wawili nimpeleke Managua kwa daktari. Nije lini na lori?

Mwanao,
Yahoska

El Coyolar, 25 Januari

Malkia wangu wa Juigalpa, Mungu akubariki, akuongeze na urefu, maana miguu mifupi umerithi kwangu, pole sana.

Mimi mzima, ila jino moja limenihama bila kuaga. Paloma yupo, kazeeka, uso mikunjo mitupu kama shangazi yako Dominga. Usimwambie! Na wanawe wapo, wanene, ukiwaona utasema wanakunywa bia. Lakini huu ni ukame, binti, mnunuzi atakupunja mchana kweupe. Ngoja mvua ya Mei.

Halafu wote wana alama yangu. Si unajua, mtoto haandikishwi chuma chake cha kuchomea alama pale halmashauri, kwa hiyo niliwachoma kwa changu kwanza. Sasa umekua, nimeshamwagiza mhunzi chuma chako: herufi Y, yenye mkia wa madaha. Tutawachoma pamoja, wewe na mimi.

Nimempa dereva wa lori la maziwa jibini lako, vipande viwili. Kikifika kimoja, mwangalie mdomo.

Baba yako akupendaye,
Evaristo

Juigalpa, 20 Mei

Baba, naomba baraka zako.

Natumaini u mzima. Mvua imeanza. Nimekuandikia tena na tena. Dereva anasema anakupa barua mkononi, unacheka, unaitia mfukoni.

Nimekwenda mahakamani. Karani akatazama kitambulisho changu. "Dada, wewe mtu mzima. Matunzo ya mtoto yaliisha siku uliyokata keki. Ya nyuma adai mama yako, alete na karatasi."

Nikamwambia hakuna karatasi, kuna ng'ombe.

"Wana alama ya nani?"

"Ya baba."

"Basi ni wa baba," akamwita aliye nyuma yangu.

Mama hawezi tena hata kufika mlangoni. Don Chilo, baba yangu wa ubatizo, ndiye aliyesimama shahidi siku ile mnakubaliana. Anasema atakuja huko kuwaona hao ng'ombe kwa macho yake. Baba, niambie ukweli. Wako wangapi?

Mwanao,
Yahoska

El Coyolar, 2 Juni

Mwanangu, Mungu akubariki, akupoze na hasira.

Mahakamani tena? Mambo ya nyumbani hayo! Kuhusu idadi: wawili walichukuliwa na puma wa msituni. Mmoja alizama mtoni, bahati mbaya, hakujifunza kuogelea. Mmoja nadhani amevuka mpaka kwenda Costa Rica kutafuta kazi, siku hizi nani hajaenda? Waliobaki nitawaswaga mwenyewe hadi mlangoni kwenu kabla ya sikukuu ya Mtakatifu Yohana. Chilo asijisumbue na kiuno chake kile. Mwambie mama yako Mélida avumilie kidogo, daktari hakimbii.

Baba yako,
Evaristo

El Coyolar, 19 Julai

Mwanangu, Mungu akubariki.

Mbona kimya? Najua, Mtakatifu Yohana kapita. Mto ulifurika, kisha goti, kisha mambo. Namtuma kijana wa jirani na Paloma. Habari za wengine nitakupa uso kwa uso. Mwambie mnunuzi ana miaka tisa, na umfunge mdomo wasimtazame meno.

Chuma chako kiko tayari, kinang'aa kama msalaba wa padri. Nije nacho Jumapili? Mélida atupikie ile supu yake, hata kama atanitukana huku anapakua.

Baba yako,
Evaristo

Juigalpa, 28 Julai

Evaristo,

Paloma alifika Jumatano iliyopita. Mama tulikuwa tumemzika Jumapili.

Don Chilo alikuja huko ukiwa umejificha. Zizini alikuta nyayo za ng'ombe mmoja tu. Halmashauri wakamwambia hakuna puma wala mto: uliwauza wanawe wote mmoja mmoja kwa alama yako, wa mwisho Desemba, ukijua Januari natimiza umri.

Mnunuzi alimfungua Paloma mdomo, akaondoka bila kutaja bei. Kwa hiyo tulimchinja jana, usiku wa tisa wa matanga, tuwalishe waliokuja kumwombea mama. Nyama ilikuwa ngumu, watu walitafuna muda mrefu. Shangazi Dominga akauliza ng'ombe katoka wapi. Nikasema ni wa mama, alimlipia miaka kumi na minane.

Ngozi anakuletea dereva. Alama yako inaonekana vizuri.

Chuma usilete. Hakuna kilichobaki cha kuchoma.

Binti ya Mélida