Bwana Shamba Luhaga, Uliyempisha Kila Mtu

Mwaka umetimia, Baba Mahona, tangu tulipokurudisha Nassa kukulaza karibu na wazazi wako. Watu walituambia hasira itapoa. Haijapoa.

Ulikwenda China ukiwa kijana kusomea kilimo cha pamba, ukarudi na mashairi kichwani. Jioni, uani kwetu Somanda, ulitughania kwa Kiswahili chako cha polepole. Uliwapenda wale washairi wao wa zamani walioacha vyeo wakarudi kulima, watu wasiojitaja: wanataja mvua, jirani, kikombe cha chai, basi. Na hapa ni Usukumani, ambako mcheza ngoma hujisifu mpaka ng'ombe wageuke kumtazama! Tulikucheka, lakini tulikupenda hivyo hivyo. Harusini ulikaa na wapishi. Wakulima wako wa Mkula walipovuna pamba nzuri, ulisema ni mvua tu.

Upole huo ndio uliotunyang'anya wewe. Tumbo lilikuuma, ukanyamaza. Mkeo Milembe alipokukokota hadi hospitali, daktari alikuuliza unaumwa wapi. Ukamjibu kama mtu aliyesalimiwa njiani: "Mhola duhu, daktari. Mimi mzima tu. Waangalie kwanza wenye watoto." Milembe akanyamaza asikuumbue mbele za watu. Daktari wa watu angejuaje? Mwezi haukuisha tukakuzika, na msibani wakakusifu eti hukuwa msumbufu. Milembe alitamani kuwafukuza wote.

Masika haya mwanao Mahona naye akaanza kushika tumbo, huku akitabasamu kama wewe. Mbele ya daktari akafungua mdomo ajibu kwamba hajambo. Mkeo akasimama, korido nzima ikamsikia: "Mwongo huyu! Hajala tangu juzi, usiku analia! Baba yake kafa kwa heshima za namna hii. Huyu simziki!"

Alipasuliwa siku hiyo hiyo. Sasa yuko nyumbani, analalamika kutwa: uji wa moto, godoro gumu, kuku wana kelele. Milembe anamwambia aendelee.

Unakumbukwa na mkeo Milembe, wanao Mahona na Nyanjige, dada yako Monika, wajukuu, na wakulima wa Mkula. Mashairi yako bado tunayasoma, na tunayapenda.

Tutakukumbuka siku zote, Baba. Kukuiga, hatukuigi.